Namba kumi fundi kushushwa dimba la chini: anaweza, au tunajitafutia balaa?

Kocha wa Vumbini:

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo ya wanaofundisha mpira, ushabiki tuuweke pembeni kidogo.

Timu ni ya vijana wa chini ya miaka 20, mfumo ni 4-2-3-1: mabeki wanne, viungo wawili wa chini, watatu wa kushambulia na mshambuliaji mmoja mbele. Namba kumi, yaani kiungo anayecheza nyuma ya mshambuliaji, ni fundi kwelikweli: anaona pasi ambayo wenzake hawaioni, mguu wa kulia mzuri sana, wa kushoto wa kawaida, mbio za wastani, urefu mita 1.70, kilo 62. Shida ni kwamba wapinzani wanamwekea mtu wa kumganda huko juu na mpira haumfikii. Mabeki wa kati wakiona hana nafasi wanapiga mipira mirefu, na mechi inaisha fundi amegusa mpira mara chache.

Kuna wazo la kumshusha dimba la chini, awe mmoja wa viungo wawili wanaocheza mbele ya mabeki, aupate mpira mapema na aone uwanja mzima mbele yake. Wengine kwenye benchi la ufundi wanapinga: huyu si mkata umeme, yaani kiungo wa kupora mipira, tutapigwa katikati. Je, inawezekana? Nani akae pembeni yake? Na mazoezini tuanzie wapi?

Jicho la Tatu:

Kocha, anaweza. Ila sababu uliyoitoa, kwamba anaona pasi, ndiyo ndogo kuliko zote. Jicho la pasi analo tayari na litakwenda naye popote utakapompanga. Kinachoamua ni jinsi anavyoupokea mpira mtu akiwa mgongoni, na kama ana subira ya kupiga pasi nyingi za kawaida kabla ya ile moja ya hatari.

Tazama hesabu ya uwanja. Namba kumi akipoteza mpira mita 25 kutoka lango la wapinzani, nyuma yake kuna wenzake saba au wanane na zaidi ya mita 70 za nyasi. Ndiyo maana huko juu akijaribu pasi kumi za kupenyeza na tatu zikafika, kocha anampigia makofi. Mtu huyohuyo akipoteza mpira mita 30 kutoka lango lake, nyuma kuna mabeki wawili wa kati na kipa, maana mabeki wa pembeni walishapanda. Pasi ni ileile na kosa ni lilelile, ila huku chini linaishia wavuni.

Mfano ulio wazi ni Christian Eriksen wa Manchester United, Brentford dhidi ya Manchester United, tarehe 13 Agosti 2022. Eriksen alikuwa namba kumi karibu maisha yake yote ya mpira, na siku ile alipangwa dimba la chini. Dakika ya 18 kipa David de Gea akampa pasi fupi nje kidogo ya boksi, Eriksen akiwa ameupa mgongo uwanja na Mathias Jensen wa Brentford anamjia kwa kasi. Jensen akaupora, akafunga, 2-0. Hadi mapumziko ilikuwa 4-0. Wengi walimlaumu Eriksen peke yake, lakini ile pasi haikupaswa kupigwa: mpokeaji alikuwa amefungwa pande zote. Kwa hiyo ukimshusha fundi, siku hiyohiyo wafundishe kipa na mabeki wa kati ni wakati gani wasimpe mpira. Mwezi uleule United walimnunua mkata umeme Casemiro, Eriksen akasogea hatua chache mbele yake, na akaonekana mchezaji mwingine kabisa.

Sasa upokeaji wenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Chukua mpira uko kwa beki wa kati wa kushoto. Kabla beki hajaupiga, kiungo wako awe ametupa jicho nyuma mara mbili: kwanza wakati mpira unatoka kwa kipa kwenda kwa beki, halafu wakati beki anauweka sawa mguuni. Akiukodolea mpira macho safari yote, amechelewa. Mwili wake usimkabili beki. Asimame ubavu, bega moja likielekea kwa beki na jingine kwa lango la wapinzani. Mpira ukija aupokee kwa mguu ulio mbali nao, yaani ukitoka kushoto aupokee kwa kulia, ili mguso wa kwanza umgeuze tayari. Mtu akiwa amemkaba karibu, marufuku kugeuka. Aurudishe kwa mguso mmoja kwa beki, au ampe kiungo mwenzake, kisha atoke hatua tatu na aupokee tena akiwa huru. Mafundi wengi hawapendi pasi hiyo ya nyuma kwa sababu wanaiona ni ya woga, na wanasahau kwamba ndiyo inayomtoa mkabaji mahali pake.

Na kwa sababu kushoto kwake ni wa kawaida, mpange upande wa kushoto wa wale wawili. Hapo mipira mingi itamfika kutoka kwa beki wa kati wa kushoto, ataipokea kwa kulia na uwanja wote wa kulia utakuwa wazi mbele yake. Toni Kroos alicheza hivyo miaka mingi Real Madrid, mtu wa mguu wa kulia akiwa kiungo wa kushoto.

Mkata Umeme:

Nakubaliana na Jicho la Tatu kwenye upokeaji, ila amesema nusu ya kazi. Timu haina mpira muda wote. Fundi akishushwa, balaa kubwa linatoka kwa mtu anayekimbia nyuma ya mgongo wake.

Tazama Bruno Fernandes wa Manchester United. Rúben Amorim, kocha wao wakati huo, alimshusha kuwa mmoja wa viungo wawili wa kati kwenye 3-4-2-1 (mabeki watatu nyuma), na mwanzoni mwa msimu wa 2025/26 ndiko alikopangwa. Anakimbia sana na anapambana, hakuna ubishi. Lakini tarehe 14 Septemba 2025 kwenye mechi dhidi ya Manchester City, bao la kwanza la City: mpira uko pembeni kwa Jérémy Doku, Phil Foden anapita karibu na Fernandes kuelekea boksi, Fernandes hamfuati hadi mwisho, krosi inakuja, Foden kichwa, wavuni. Hiyo ni tabia ya namba kumi. Huko juu mtu akikupita kuna mwingine nyuma wa kumchukua. Dimba la chini mtu akikupita anakutana na beki ambaye tayari ana wa kwake wa kukaba.

Kwa hiyo kocha, usihangaike kwanza na kilo 62. Kukaba dimba la chini sehemu kubwa si kugongana miili. Ni kusimama kwenye njia ya pasi ili namba kumi wao asipate mpira. Ni kumfuata mkimbiaji hadi ndani ya boksi, kichwa kikiwa kinageuka huku na huku, bila kukaba kwa macho. Na ni kuokota mipira ya pili: beki wako akiruka kichwa, kiungo awe mita 8 hadi 10 mbele yake, mahali mpira unapodondoka. Kijana mwembamba anaweza yote hayo akifundishwa. Asichoweza ni kuruka vichwa na jitu la mita 1.85. Kwenye kona msimpe mtu wa kukaba kabisa, mwekeni ukingoni mwa boksi aokote mipira inayotemwa na aanzishe shambulizi.

Mfundisheni pia faulo ya mapema. Mpira umeporwa, watu wanatoka mbio, yeye yuko karibu na mstari wa kati: amshike mtu palepale. Akingoja hadi mita 20 kutoka lango inakuwa frikiki ya hatari, au nyekundu. Akishapata njano ya kwanza, kazi hiyo ahamishiwe mwenzake kwa dakika zilizobaki, na waambizane kwa mdomo.

Mzee wa Ubao:

Mmemtaja kila mtu mkamsahau mwenye jambo lenyewe. Andrea Pirlo alikuwa namba kumi. Inter walimsajili mwaka 1998, nafasi hakuipata, na mapema mwaka 2001 akaenda Brescia kwa mkopo. Pale namba kumi alikuwa Roberto Baggio, na Baggio huwezi kumtoa. Kocha Carlo Mazzone akamweka Pirlo mbele ya mabeki. Tarehe 1 Aprili 2001 ugenini kwa Juventus, Pirlo akapiga mpira mrefu kutoka karibu na katikati ya uwanja, Baggio akautuliza na kumpita kipa Edwin van der Sar kwa mguso mmoja, akafunga, mechi ikaisha 1-1. Angalia pasi ile ilikotoka. Angekuwa namba kumi asingeipiga, maana angekuwa amesimama mahali Baggio alipokuwa.

Milan walimnunua kiangazi kile, na chini ya Carlo Ancelotti nafasi ile ikawa yake. Mwaka 2003 wakachukua Ligi ya Mabingwa Ulaya. Lakini msiache nusu ya habari. Pembeni yake alikuwepo Gennaro Gattuso wa kukimbia na kupora, upande wa pili Clarence Seedorf, na mbele Rui Costa. Pirlo hakuwa mkata umeme hata siku moja, kazi hiyo alifanyiwa. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili, kocha: wa pembeni yake awe mtu anayependa kukimbia bila mpira na asiyeona vibaya kumpa fundi mpira mita tano tu kisha akae nyuma yake kulinda. Ukimpanga na kiungo mwingine anayependa kupanda, mtaacha shimo katikati kubwa la kupita lori.

Na jueni kwamba kumshusha hakumfichi kwa mkabaji. Machi 2010 Manchester United walimganda Pirlo kwa kumtumia Park Ji-sung, Milan wakapigwa 4-0 Old Trafford. Miaka miwili baadaye, robo fainali ya Euro 2012 mjini Kyiv, Uingereza walimwacha akacheza anavyotaka. Italia walitawala dakika 120, ikaisha 0-0, wakashinda kwa penalti. Mpinzani mwenye akili atamtuma mshambuliaji wake wa pili amfuate. Ikitokea hivyo, fundi wako asihangaike kuutafuta mpira. Atembee tu kuelekea pembeni na mkabaji wake, katikati pabaki wazi, na beki wa kati apande na mpira mwenyewe hadi mtu atoke kumzuia. Je, mabeki wako wanaweza kupanda na mpira mita 15? Kama hawawezi, wazo zima linayumba, na hapo bora aendelee kucheza juu.

Pwani Moja:

Mbona hamjasema habari ya namba nane, kiungo wa kati anayepanda na kushuka? Badilisheni mfumo kuwa 4-3-3 wenye viungo watatu, mkata umeme mmoja nyuma, fundi awe nane wa kushoto. Anashuka kuchukua mpira kwa mabeki, na akiupoteza bado kuna mtu nyuma yake. Luka Modrić alianzia juu pia, na heshima yake kubwa ameipata akiwa kiungo wa kati mwenye Casemiro mgongoni.

Tena hapa kwetu tuna mfano wa safari ya kinyume. Feisal Salum, Fei Toto, amecheza sana kiungo wa kati Yanga, akahamia Azam mwaka 2023, akasogezwa karibu na lango, na msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19 ya Ligi Kuu. Mtu mwenye jicho la goli namna hiyo ukimfungia chini unajinyima mwenyewe. Kocha, huyu wako anafunga? Kama kwa msimu anakupa mabao kumi, fikiri mara mbili.

Kocha wa Vumbini:

Nashukuru sana wakuu, mmenifungua macho. Nijibu mliyouliza. Mabao si mengi, msimu mzima amefunga matatu, pasi za mabao ndizo nyingi. Beki wa kati wa kulia anaweza kupanda na mpira, wa kushoto hapana. Kiungo wa kukimbia yupo, mapafu ya farasi, pasi zake za kawaida. Mkimbiaji huyo hana shida na kukaa nyuma.

Jambo sikulisema: uwanja wa nyumbani ni wa udongo, una mabonde upande mmoja, na mvua zikianza katikati panakuwa tope. Hayo ya kupokea kwa mguu wa mbali na kugeuka yatawezekana?

Jicho la Tatu:

Swali zuri. Kwenye uwanja wa mabonde mpira unadunda ukimfikia, kwa hiyo mguso wa kwanza uwe wa kuua mpira, aweke unyayo au ndani ya mguu juu yake kidogo, halafu mguso wa pili ndio wa kugeuza. Hapo amepoteza karibu sekunde nzima. Sekunde hiyo airudishe kwa nafasi: asimame mita 3 hadi 4 mbali zaidi na mkabaji kuliko angesimama kwenye nyasi nzuri. Pasi ya beki nayo iwe na nguvu, mpira wa taratibu kwenye udongo ndio unaodunda zaidi na kuporwa. Tope likizidi, kwa mechi hiyo sahau mpango, mpandisheni juu apambane na mipira ya pili. Ugenini kwenye uwanja mzuri mrudi kwenye mpango wenu.

Beki wa kushoto asiyeweza kupanda na mpira ni tatizo, maana nilisema fundi awe kushoto. Mngewabadilisha mabeki upande? Kama haiwezekani, basi fundi ashuke kabisa kati ya mabeki wawili wakati kipa anaanza, mpate watatu nyuma, na mkimbiaji abaki peke yake mbele yao. Ila afanye hivyo wapinzani wakiwa na washambuliaji wawili. Wakiwa na mmoja, wawili wa nyuma wanatosha, na yeye akishuka anapunguza mtu mbele bure.

Mkata Umeme:

Kwa mazoezi, mimi ningempa wiki sita na si mechi mbili. Na zisianze kwenye mechi ya ligi.

Wiki mbili za kwanza ni upokeaji tu. Rondo ya wanne kwa wawili (wanne wanapasiana, wawili wanautafuta mpira), mraba wa mita 8 kwa 8, fundi akae katikati kama mtu wa tano. Sheria: kila akipokea lazima mpira utokee upande tofauti na ulioingilia. Dakika nne, pumzika moja na nusu, mara nne. Msaidizi asimame nyuma ya fundi akiinua vidole, na fundi ataje idadi kwa sauti kabla mpira haujamfikia. Asipotaja hajatazama, hata kama pasi yake imefika. Zoezi hili linachosha kichwa kuliko miguu, dakika 20 zatosha.

Wiki ya tatu na ya nne fanyeni nusu uwanja. Kipa, mabeki wanne na viungo wawili, dhidi ya sita wanaokaba. Upande wenu unapata pointi mpira ukivuka mstari wa kati ukiwa miguuni mwa mtu wenu. Wakabaji wakiupora wana sekunde nane za kupiga golini. Hizo sekunde nane ndizo zoezi lenyewe: fundi aliyepoteza mpira ataona kinachofuata na miguu yake itajifunza kurudi. Angalieni anafanya nini nusu sekunde ya kwanza baada ya kupoteza. Akiinua mikono au akimtazama mwamuzi, simamisheni zoezi, rudieni palepale.

Halafu kukaba. Chora njia mbili za mita 12, mpinzani mmoja mbele yake ana mpira, wa pili nyuma yake anakimbia kuelekea boksi. Kazi yake ni kuchagua: pasi ikiwa bado inazuilika, abaki kwenye njia yake, mkimbiaji akishampita bega, aache mpira amfuate mtu. Rudia mara 12, kulia sita na kushoto sita. Mafundi wengi wanaufuata mpira. Itachukua muda, msimkaripie.

Wiki ya tano na ya sita ni mechi za kirafiki, dakika 60 kila moja, na mtu mmoja awe na kalamu. Aandike mambo matatu: mara ngapi alipokea akageuka mbele, mara ngapi alipoteza mpira ndani ya nusu yenu, na mara ngapi mtu alimpita bila kufuatwa. Akigeuka mara 15 na kupoteza mara mbili, mna kiungo. Akipoteza mara tano au sita, mpeni mechi moja zaidi na kama hakuna mabadiliko mpandisheni awe nane kama alivyosema Pwani Moja. Vipimo hivi ni vya mezani kwangu, virekebisheni kulingana na ligi yenu.

Mzee wa Ubao:

Niongeze dogo tu kuhusu siku ya mechi. Mkiongoza 1-0 na zimebaki dakika 15, wapinzani watapiga mipira mirefu na fundi hapo chini hatakuwa na kazi ya pasi, atakuwa na kazi ya vichwa. Mwingizeni kiungo mrefu, fundi apande acheze nyuma ya mshambuliaji. Huko wapinzani watakuwa wamefunguka, na pasi yake moja ya kupenyeza inaweza kuleta la pili. Mwambieni mapema wiki hiyo kwamba atapanda dakika ya 75, asije akadhani ametolewa chini kwa sababu amekosea.

Kocha wa Vumbini:

Nimeyaandika yote. Jumanne tunaanza rondo na vidole. Mabeki nitawabadilisha upande kwanza kwenye kirafiki, nikiona wa kulia anatulia kushoto nitaleta majibu hapa pamoja na namba za yule mwenye kalamu.